Kamina: Kuimba silabusi si kujibu swali la saikolojia

Sanga, Kamina (Haut-Lomami) – Wakati wa mitihani ukikaribia, sauti moja inasikika tangu alfajiri katika nyumba nyingi. Kijana anatembea uani akiwa na silabusi mkononi, anarudia sentensi ileile ya Kifaransa mpaka ishike kichwani. Mama yake anafagia kando na anafurahi, kwani mtoto anasoma. Lakini akimuuliza, "Mwanangu, hayo maneno maana yake nini?", kijana anajibu, "Mama, usinikate, nitasahau."

Jibu hilo linatosha kuonyesha ugonjwa ulipo. Kijana anayeogopa kuulizwa maana, kwa kuwa swali litamwangushia maneno, hajasoma bado. Amebeba mzigo wa mtu mwingine na anakimbia nao kabla haujamponyoka. Siku ya mtihani atautua juu ya kopi, na kesho yake mikono yake itakuwa mitupu.

Katika masomo mengine hasara hiyo inaweza kujificha kwa muda. Katika saikolojia haijifichi, na hapa Kamina inawaangukia watoto. Kwa hiyo desturi ya kuimba silabusi, na ya kuipa pointi, inapaswa kupigwa vita na wanafunzi, walimu na wazazi. Si jambo la wasomi peke yao. Familia zilizohamishwa na vita zina haki ya kulisemea kabla ya wengine wote.

Nani anasoma saikolojia, na kwa ajili ya nani

Saikolojia inafundishwa kwanza katika shule za sekondari zenye tawi la pedagojia. Kijana anayemaliza huko na kupata diploma ya serikali anaweza kuingia darasani kufundisha shule ya msingi akiwa bado na umri mdogo sana. Wengine wanaendelea mbele, katika chuo kikuu au katika Institut Supérieur Pédagogique, wawe walimu wa sekondari, washauri wa wanafunzi au wakuu wa shule. Karibu wote, wakimaliza, kazi yao itakuwa mbele ya watoto.

Na watoto hao ni wengi. Tangu mwaka wa masomo 2019-2020, shule za msingi za serikali zilipotangazwa kuwa za bure, madarasa yamejaa kila pembe ya nchi. Mwalimu kijana hapokei watoto 20 waliotulia. Anapokea umati, na ndani ya umati huo yumo mtoto asiyesema neno, yumo anayepiga wenzake bila sababu inayoonekana, yumo anayelala mezani kila asubuhi.

Kamina inalijua jambo hili kuliko miji mingi. Reli inayotoka Lubumbashi inagawanyika hapa: njia moja inaelekea Kananga na Ilebo, nyingine inaelekea Kabalo na kufika hadi Kalemie. Moto ukiwaka upande wowote wa reli, moshi wake unafika Kamina. Miaka ya 2005 na 2006, watu walipokuwa wakikimbia vijiji vya Mitwaba, Manono na Pweto, eneo ambalo liliitwa pembetatu ya kifo, majimbo haya yalikuwa bado Katanga moja na kilio kilikuwa kimoja. Miaka ya 2016 na 2017 vita vya Kasai vilihamisha zaidi ya watu milioni moja. Wanaosikiliza habari hizi wakiwa wamekaa kwa jamaa, au katika nyumba ya kupanga ambayo si yao, hawahitaji kuelezwa mtoto anakuwaje baada ya kulala porini.

Basi mwalimu anapoonyeshwa mtoto kama huyo, atafanya nini? Kama alipata pointi 16 juu ya 20 kwa kuandika neno kwa neno ukurasa wa 34 wa silabusi, ukurasa huo hautamsaidia. Mtoto hatakuja darasani na kusema, "Mwalimu, mimi ni ukurasa wa 34." Mwalimu atahitaji kutazama, kulinganisha, kujiuliza ni maelezo gani kati ya matatu yanaelekea ukweli, na kukubali kwamba anaweza kukosea. Kazi hiyohiyo ndiyo jibu zuri la mtihani linaidai. Mwanafunzi anapoandika jibu lenye hoja, anajizoeza kazi yake ya kesho. Anapoimba silabusi, anajizoeza kuwa kasuku, na kasuku hajui njaa ya mtoto.

Desturi hii ilitoka wapi

Wanafunzi wasibebeshwe kosa lote. Wamefundishwa hivyo. Examen d'État, ambayo ipo tangu mwaka 1967 na ambayo vijana wanaiita Exetat, ina sehemu moja ambapo mtahiniwa anaandika maandishi marefu yake mwenyewe: disertasyo ya Kifaransa katika hors-session. Katika session ya kawaida, swali linakuja na majibu yake yamekwisha kuandikwa, na mtahiniwa anachagua moja. Basi miaka ya mwisho ya sekondari, badala ya kujifunza kujenga jibu, kijana anajifunza kulitambua jibu lililojengwa na mwingine.

Kisha anafika masomo ya juu na kukutana na karatasi nyeupe iliyoandikwa juu yake « Discutez ». Hakuna herufi za kuchagua. Hajawahi kuonyeshwa namna ya kujadili kwa maandishi, kwa hiyo anafanya anachokijua: anatafuta kichwani ukurasa unaofanana na swali na kuumwaga wote.

Na walimu wengine wanamsaidia kupotea. Swali likisema « Parlez de Piaget », limekwisha kumwomba mwanafunzi asifikiri. Atasema kwamba Piaget alizaliwa Neuchâtel, Uswisi, mwaka 1896, ataorodhesha hatua nne za ukuaji wa akili, atafunga. Msahihishaji anaweka silabusi upande mmoja na kopi upande wa pili, anatafuta kama maneno yanafanana. Aliyebadilisha sentensi kwa lugha yake anapunguziwa pointi, hata kama ameelewa zaidi. Habari inaenea haraka kati ya wanafunzi: huyu anataka maneno yake mwenyewe. Mwaka unaofuata hakuna anayethubutu kufikiri.

Kuna ubaya mwingine unaozaliwa hapo. Swali la kukariri ni rahisi kuuza. Likivuja usiku, asubuhi kila mwenye pesa ana jibu kamili mfukoni. Wanafunzi wa nchi hii wana neno lao kwa mapatano ya chini ya meza kati ya mwanafunzi na anayetoa pointi: wanaiita « branchement ». Swali linalodai hoja halimalizi uovu huo, lakini linaufanya kuwa mgumu. Hata ukilijua tangu jana, bado ni wewe utakayefikiri, na kopi 2 zenye hoja moja iliyonakiliwa zinajionyesha zenyewe.

Anayeumia kwanza ni mwanafunzi aliyehamishwa. Aliyekimbia kijiji usiku hakubeba daftari. Amefika katikati ya mwaka, hana pesa za kununua silabusi, anaazima ya mwenzake kwa saa moja jioni, na taa ni ya simu ambayo betri yake inakwisha. Mtihani ukiwa ni wa kurudisha maneno ya silabusi, huyo amehukumiwa kabla ya kuingia ukumbini. Mtihani ukiwa ni wa kufikiri, ile saa moja inaweza kumtosha kuchukua mambo makubwa matano, na mengine ataongeza kwa akili yake. Wazee walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mtihani wa kukariri unawanyoa wote na kutazama nani amenunua kofia.

Saikolojia yenyewe inapinga kukariri

Inachekesha, kama isingekuwa inaumiza, kwamba somo linaloeleza namna kumbukumbu inavyofanya kazi linafundishwa kwa njia ambayo somo hilo limekwisha kuihukumu. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima ni kiasi gani cha kazi kinabaki. Baada ya saa moja, zaidi ya nusu ilikuwa imepotea. Baada ya siku moja, ilibaki kama theluthi tu. Maneno ya Kifaransa yaliyokaririwa bila kueleweka hayako mbali sana na silabi zile.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilinganisha wanafunzi waliosoma andiko mara nyingi na wale waliolisoma, wakalifunga, wakajaribu kulieleza kutoka kichwani. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya juma moja, waliojijaribu ndio walikuwa mbele. Maana yake kwa kijana wa Kamina ni rahisi: silabusi iliyofunguliwa mbele ya macho inadanganya. Inakufanya uamini unajua. Ifunge, useme, ndipo utaona kilichobaki.

Jibu moja baya na jibu moja zuri

Ili isionekane ni lawama tupu, na utazamwe mfano. Swali linasema: « La séparation d'avec la mère compromet-elle le développement de l'enfant ? Discutez. » Yaani, je, mtoto akitenganishwa na mama yake, ukuaji wake unaharibika? Jadili.

Jibu baya linaanza hivi: saikolojia ni elimu inayochunguza tabia ya binadamu, neno lenyewe linatoka katika Kigiriki, John Bowlby alikuwa daktari Mwingereza aliyezaliwa 1907. Linaendelea kwa ukurasa mzima, kila sentensi ni ya kweli, wala hakuna hata moja inayojibu. Swali liliuliza "je?", na kopi inamalizika bila ndiyo wala hapana.

Jibu zuri linachukua msimamo tangu mstari wa kwanza: kutengana kunaweza kumwumiza mtoto, lakini madhara yanategemea umri wake, muda wa kutengana, na zaidi ya yote kama kuna mtu mwingine anayemjua na kumtunza. Msahihishaji sasa anajua safari inakokwenda.

Baadaye linaleta ushahidi wa upande wa kwanza. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Shirika la Afya Duniani lilimwomba Bowlby achunguze hali ya watoto waliokosa makao. Ripoti yake ya mwaka 1951 ilisema kwamba mtoto mdogo anahitaji uhusiano wa karibu na wa kudumu na mama, au na mtu anayeshika nafasi ya mama, na kwamba kuukosa kunaweza kuleta madhara makubwa. Hapo jibu linafafanua neno moja tu linalohitajika, lile ambalo silabusi inaliita « attachement »: kifungo kinachomfanya mtoto amtafute mlezi wake anapoogopa, na atulie anapompata.

Kisha linaleta upande wa pili, kwa kuwa « discutez » maana yake ni pande mbili. Mwaka 1972 Michael Rutter alichapisha kitabu cha kuyapima upya mawazo ya Bowlby. Alionyesha kwamba mambo tofauti yamechanganywa chini ya jina moja: kumpoteza mlezi uliyekuwa naye si sawa na kutompata mlezi kabisa, na mara nyingine kinachomwumiza mtoto ni ugomvi wa nyumbani kuliko kutengana kwenyewe.

Na hapa mwanafunzi wa Afrika ana hazina ambayo wengi wanaipita. Mary Ainsworth, mmoja wa watafiti wakubwa wa jambo hili, hakuanzia Amerika. Miaka ya 1954 na 1955 alikuwa Uganda, akitembelea familia 26 za vijiji vya karibu na Kampala, zenye watoto wachanga 28. Kwa miezi kadhaa alirudi katika nyumba zao, akakaa na akina mama, akatazama. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Aliona mtoto akimtumia mama kama kituo cha usalama: anatambaa mbali kuchungulia ulimwengu, kisha anarudi. Aliona pia kwamba kusaidiwa na walezi wengine hakumzuii mtoto kuwa na kifungo na mama yake, na kwamba mama aliyemjua mtoto wake kwa undani, anayeweza kueleza tabia zake moja baada ya nyingine, mara nyingi ndiye aliyekuwa na mtoto aliyetulia. Mawazo ambayo leo yanafundishwa dunia nzima yalikomaa katika nyumba za Afrika Mashariki. Mwanafunzi wa Kamina anayeliandika hilo hamfurahishi mtu. Anatoa ushahidi.

Mwisho, jibu linaweza kugusa maisha ya hapa: mtoto wa familia iliyohama anayelelewa na bibi kwa kuwa mama amebaki nyuma. Lakini kwa uangalifu. Mtoto mmoja hathibitishi sheria. Anaonyesha tu namna wazo linavyofanya kazi na mahali linapogota. Tena jina lake halina nafasi katika kopi, wala siri ya jirani. Kisha hitimisho linarudi kwenye swali na kulijibu kwa sentensi mbili: kutengana peke yake hakumhukumu mtoto, kukosa mtu yeyote wa kudumu ndiko kunakotisha, na kwa hiyo kazi ya shule na ya familia ni kumhakikishia mtoto huyo mtu.

Jibu lote hilo halizidi kurasa mbili. Lina majina matatu na miaka michache. Hakuna aliyelikariri neno kwa neno, na hakuna anayeweza kulisahau lote, kwa kuwa kila sehemu inaishika nyingine.

Hali ni hiyohiyo swali likiwa juu ya vipimo vya akili. Jibu baya litafafanua akili kwa fasili nne. Jibu zuri litauliza kipimo kinapima nini, na litakumbuka kwamba jambo hilo lilijaribiwa katika nchi hii. Mwaka 1956, wakati wa ukoloni, André Ombredane na wenzake walichapisha matokeo ya mtihani wa picha, ule wa Matrix, ambao Wakongo waleule walirudishiwa zaidi ya mara moja. Pointi zilipanda kadiri walivyouzoea. Basi pointi za mara ya kwanza haziwezi kuitwa kipimo cha akili ya kuzaliwa. Zilipima pia ugeni wa mtu mbele ya karatasi. Mkimbizi wa ndani aliyeanguka mtihani wa kwanza katika shule mpya ana haki ya kulisikia hilo, na mwalimu wake pia.

Namna ya kujitayarisha bila pesa nyingi

Jambo la kwanza ni kusoma swali kabla ya kujibu. Kitendo kilichomo ndani ya swali ndicho amri. « Définissez » inataka maana na mfano mmoja. « Comparez » inataka mambo mawili yawekwe kando kwa kando, yanapofanana na yanapotofautiana, wala si hadithi ya la kwanza na baadaye hadithi ya la pili. « Discutez » inataka pande mbili na uamuzi. Mtu aliyeamriwa kuchota maji akaleta kuni hawezi kudai malipo kwa kuwa kuni ni nyingi.

La pili ni kugawa wakati. Katika mtihani wa saa 2 wenye maswali 3, dakika 10 za kwanza ni za kusoma maswali yote na kuandika pembeni mpango mfupi wa kila jibu. Dakika 35 zinakwenda kwa kila swali. Dakika 5 za mwisho ni za kusoma tena. Wengi wanaanguka kwa kumwaga saa nzima kwenye swali wanalolipenda na kuacha la tatu likiwa jeupe.

La tatu ni lugha. Mtihani ni wa Kifaransa. Nyumbani watu wanasema Kiluba na Kiswahili, na familia nyingine zimefika na Ciluba. Wanafunzi wengi wanakariri kwa kuwa wanaogopa kukosea Kifaransa. Lakini wazo halina budi kuzaliwa kwanza katika lugha ambayo mtu anaota nayo. Funga daftari, umweleze dada yako kwa Kiswahili kile Bowlby alichosema na kwa nini Rutter hakukubali yote. Akikuuliza "kwa nini?" na ukakwama, umepata mahali pa kurudi kusoma. Ukishaweza kumweleza asiyesoma saikolojia, ndipo uandike kwa Kifaransa, kwa sentensi fupi. Kifaransa kifupi chenye hoja kinashinda Kifaransa kirefu cha kuazima.

La nne ni kusoma pamoja. Watu 5 wenye silabusi 1 wanaweza kujitayarisha vizuri kuliko mtu 1 mwenye silabusi 5. Kila mmoja atunge swali, mwenzake alijibu kwa mdomo, wengine walipige msasa. Kundi la namna hiyo likimpokea mwanafunzi aliyehama, linampa daftari alilolipoteza njiani.

Wanaopinga wanasema nini

Walimu wengine watasema: wanafunzi ni mamia, msahihishaji ni mmoja, mshahara unachelewa, nani atasoma hoja za watu wote hao? Shida hiyo ni ya kweli na haifai kudharauliwa. Lakini dawa yake ipo. Swali moja la hoja, kurasa mbili tu, linasahihishwa haraka kuliko kurasa sita za maneno yaliyomwagwa. Na kama mgawo wa pointi umeandikwa mapema, kwa mfano 4 za maana ya maneno, 6 za ushahidi, 6 za hoja na pande mbili, 4 za hitimisho na mpangilio, mkono hautasita. Mgawo huo ukitangazwa kwa wanafunzi kabla ya mtihani, hata manung'uniko baada ya matokeo yatapungua.

Wengine watasema: mwanafunzi akiruhusiwa maneno yake, ataandika uongo. Hapana. Kusema kwa maneno yako hakukupi ruhusa ya kubuni ukweli. Mwaka ni mwaka, jina ni jina, na aliyesema Ainsworth alifanya kazi Kinshasa apunguziwe pointi. Kuna mambo ya kushika kichwani, na hakuna anayefikiri bila chochote cha kufikiria. Kinachopingwa ni kuyashika kama mawe mfukoni, bila kujua yanajenga nini.

Na wapo watakaosema: sisi tulisoma hivyohivyo na tukapata diploma. Ni kweli. Na wangapi kati yao, wakisimama mbele ya mtoto aliyenyamaza miezi mitatu, walikuwa na neno la kumwambia mama yake?

Kinachotakiwa sasa

Walimu wa saikolojia waache swali la « Parlez de ». Waweke mbele ya mwanafunzi hali, mtoto, darasa, mgongano wa mawazo mawili, na waulize anaona nini na kwa nini. Wakuu wa shule za pedagojia wawape wanafunzi, tangu darasa la tano la sekondari, walau andiko moja la hoja kila mwezi, hata kama Exetat haitaliuliza. Wazazi, pamoja na wale wanaoishi katika nyumba zisizo zao, wawe na ujasiri wa kumkatiza mtoto anayeimba silabusi na kumwuliza: maana yake nini?

Akijua kweli, hatasahau kwa kuwa ameulizwa. Ataketi, ataweka silabusi chini, na atamweleza mama yake. Siku ya mtihani ataandika vilevile. Na siku atakapopewa darasa, atakapomkuta mtoto anayelala mezani kila asubuhi, hatatafuta ukurasa. Atamsogelea, atamtazama, na ataanza kuuliza alilala wapi, na nani, na tangu lini.